Mhamo na Mgeuko: Athari za Nyutroni katika Muundo wa Ndani wa Tungsteni

1.0 Utangulizi

Tungsteni huyeyuka katika nyuzi 3422 za Selsiasi, kiwango kinachozidi cha metali nyingine zote. Kwa sababu hiyo imeteuliwa kukinga sehemu zipatazo joto kali katika ITER, mtambo wa muungano wa viini unaojengwa Cadarache, Ufaransa. Makala haya yanachunguza athari za nyutroni katika metali hiyo. Tunadai kwamba kuziita athari zote "uharibifu" ni kuficha michakato miwili tofauti.

2.0 Mhamo wa Atomu

Nyutroni itokanayo na muungano wa deuteriamu na tritiamu huwa na nishati ya elektronivolti milioni 14.1. Kizingiti cha kuing'oa atomu ya tungsteni, kama kitumiwavyo katika mahesabu, ni elektronivolti 90 hivi. Kwa hiyo atomu moja iliyogongwa huweza kuzing'oa nyingine nyingi. Kila ing'okayo huacha pengo, nayo hujipachika kati ya nyingine. Mapengo mengi hujazwa tena papo hapo. Yanayosalia hukusanyika na kuunda vitundu, ilhali atomu pachikwa huunda vitanzi vionekanavyo kwa hadubini ya elektroni. Hitilafu hizo huzuia matabaka ya atomu yasiteleze. Metali huzidi ugumu, lakini huvunjika kwa wepesi.

3.0 Mgeuko wa Elementi

Tungsteni-186 inaponasa nyutroni huwa tungsteni-187, ambayo nusumaisha yake ni takriban saa 24, kisha hugeuka kuwa reniamu-187. Reniamu nayo, ikinasa nyutroni, huzaa osmiamu. Kwa kawaida tungsteni humudu kuchanganyika na reniamu zaidi ya asilimia 20 bila kutengana. Chini ya nyutroni, mashapo hutokea kwa kiasi kidogo zaidi ya hicho, kwani atomu pachikwa na mapengo huisafirisha reniamu na kuirundika. Mashapo hayo huongeza ugumu, ingawa reniamu hiyo hiyo hupunguza vitundu.

4.0 Hitimisho

Nyutroni za mwendo wa polepole hunaswa kwa urahisi zaidi. Hivyo, sampuli iliyowekwa katika kinu cha mpasuko wa viini, kama vile HFIR cha Oak Ridge, Marekani, huweza kupata reniamu nyingi kuliko ile ya mtambo wa muungano, hata kama mihamo ni sawa. Atajaye idadi ya mihamo pekee hajaeleza hali ya metali, na ukuta uliosanifiwa kwa takwimu hizo waweza kupasuka pasipotarajiwa. Tunapendekeza mhamo na mgeuko vitajwe na kupimwa kila kimoja peke yake.