Nawa Mikono Kabla ya Kupima Sukari

Mzee mmoja mwenye ugonjwa wa kisukari alijipima akiwa kwenye foleni katika kliniki yangu. Mashine yake ikaonyesha 19. Nilimwambia anawe mikono kwa sabuni na kuikausha, kisha nikampima tena: 7. Kumbe alikuwa ametoka kumenya embe! Lau angejidunga insulini kwa kufuata ile 19, sukari yake ingeshuka mno na huenda angezirai.

Je, mashine hii hufanyaje kazi? Kwenye ncha ya kijiti cha kupimia mna kimeng'enya, kwa mfano glukosi oksidesi. Tone la damu likiingia, kimeng'enya huondoa elektroni kwenye sukari. Elektroni hizo huwa mkondo mdogo wa umeme, na mashine huupima. Sukari ikizidi, umeme nao huzidi. Mashine haiwezi kutofautisha sukari ya damu na ile ya embe iliyobaki kidoleni.

Wazo hili lilielezwa na Leland Clark na Champ Lyons nchini Marekani mwaka wa 1962. Kasoro yake ni kuwa kimeng'enya ni protini, nayo huharibiwa na joto na unyevu.

Ndiyo sababu wataalamu wanachunguza oksidi za metali zilizotengenezwa kwa chembe za nanomita, yaani sehemu ya bilioni moja ya mita. Oksidi ya zinki, ile iliyomo katika dawa ya kalamini ya kupaka ngozini, hukishika kimeng'enya barabara kwa kuwa chaji zao za umeme huvutana. Oksidi za shaba na nikeli zaweza hata kuondoa elektroni kwenye sukari bila kimeng'enya. Lakini hizi hufanya kazi vyema katika maji yenye alikali kali, na damu haiko hivyo. Kwa hivyo nyingi zingali maabarani.

Kwa sasa, zingatia haya:

1. Nawa na ukaushe mikono kabla ya kujidunga kidole.

2. Funga mkebe wa vijiti mara moja, na usiuache jikoni wala ndani ya gari kwenye jua.

3. Usitumie vijiti vilivyopitwa na wakati.

4. Kipimo kisipolingana na unavyojisikia, pima tena. Kikiwa chini ya 4, kunywa kitu chenye sukari upesi, kisha umwone daktari.