Makovu ya chunusi: Tunatibu uso au tunauchubua?

BINTI wa dada yangu alikuja nyumbani jioni moja akiwa amejifunika mtandio hadi chini ya macho. Havai nikabu, kwa hiyo nikashangaa. Nilipomwambia afunue tuzungumze, akaanza kulia. Uso ulikuwa umeiva kwa wekundu, umejaa vipele vyenye usaha, na pembeni mwa mashavu vilikuwa vimeota vinyweleo ambavyo hakuwa navyo. Ndoa yake ilikuwa imebakiza miezi mitano.

Ndugu msomaji, naandika haya kwa sababu fedha iliyonunua kile alichopaka ilitoka mfukoni mwangu. Miezi kadhaa nyuma aliniambia, "Mjomba, nataka dawa ya makovu ya chunusi." Nikatoa. Sikuuliza dawa gani wala inauzwa na nani. Kumbe ilikuwa ni tyubu ya dukani Kariakoo, aliyoelekezwa na muuzaji ambaye hajasomea dawa wala ngozi.

Wiki mbili za mwanzo uso ulinawiri kweli kweli. Kila aliyemwona alimsifu, na mimi nikiwemo. Akiacha siku tatu, chunusi zinarudi kwa hasira, basi anapaka tena. Daktari wa ngozi aliposoma maandishi madogo ya ile tyubu alitikisa kichwa tu. Ilikuwa na steroidi kali, dawa ambayo daktari huandika kwa siku chache kwa ugonjwa kama ukurutu mgumu. Ikipakwa usoni kwa miezi, huifanya ngozi kuwa nyembamba, huotesha nywele, huleta chunusi zake yenyewe, na mtu akiiacha ghafla uso huwaka. Ndiyo maana wengi hudhani dawa inafanya kazi, na kwamba shida ni kuiacha.

Hayo ni ya steroidi. Mikorogo mingine ina zebaki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru figo, na mingine ina haidrokwinoni. Hii ya pili madaktari huitumia kwa kipimo na kwa muda mfupi, lakini ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu huweza kuyageuza mashavu kuwa na weusi wa kibuluu ambao kuuondoa ni kazi kubwa sana. Vitu hivi vilipigwa marufuku kwenye vipodozi nchini tangu enzi za TFDA. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ikahamishiwa TBS. Marufuku ipo, na tyubu nazo zipo mezani, mchana kweupe.

Hebu sasa tuje kwenye makovu yenyewe, maana hapa ndipo wengi tunapokosea, nami sikuyajua haya hadi nilipokaa kwenye kile kiti cha hospitali. Tunaita "makovu" vitu vitatu tofauti.

Cha kwanza si kovu hata kidogo. Ni doa jeusi linalobaki chunusi ikishapona. Ngozi yetu nyeusi ikiumia humwaga rangi nyingi mahali pale. Likipitishwa kidole halina shimo wala kivimbe. Hili hufifia lenyewe kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, mradi mtu asilitumbue wala kulichoma na jua. Mafuta ya kukinga jua husaidia hapa kuliko krimu nyingi za bei ghali. Tusidhani mafuta hayo ni ya Wazungu tu. Pale KCMC Moshi, penye kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992, yametengenezwa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Daktari pia anaweza kuandika dawa ya kupaka yenye asidi ya azeliki, au ya jamii ya vitamini A.

Cha pili ni vishimo. Chunusi kubwa imekula nyama ya chini ya ngozi, ngozi ikabonyea. Hapa hakuna krimu ya kung'arisha itakayofukia shimo, na nasema hivi nikijua zinavyotangazwa. Vishimo vyembamba vilivyo virefu kwenda chini hutiwa asidi kali kwa ncha ya kijiti, tone kwa tone, na mtaalamu. Vile vipana vilivyovutwa na nyuzi za chini hukatwa nyuzi hizo kwa sindano. Ipo pia mashine yenye sindano ndogo ndogo inayotoboa ngozi ili ijijenge upya. Hurudiwa mara tatu, nne au zaidi, kila baada ya wiki nne hadi sita. Miale ya leza ipo, lakini kwa ngozi nyeusi inahitaji mkono uliozoea, kwani inaweza kuacha weusi mbaya kuliko vile vishimo. Kwa njia zote hizi, vishimo hupungua, havifutiki.

Cha tatu ni kovu linalovimba, hasa kwenye taya, kifua na mabega. Likikatwa tu bila tiba nyingine mara nyingi hurudi kubwa zaidi. Tiba yake ya kawaida ni kuchomwa sindano ndani ya kovu lenyewe, na ajabu ni kwamba dawa inayochomwa ni ya jamii ile ile ya steroidi iliyomharibu binti yetu uso.

Dada yangu aliuliza swali ambalo najua wasomaji wengi wanalo: je, huku si kubadili umbile la Allah? Nilimpelekea sheikh wetu wa darsa. Alinikumbusha kisa cha sahaba Arfaja, aliyekatwa pua vitani, akatengeneza ya fedha ikanuka, na Mtume (s.a.w.) akamwambia atengeneze ya dhahabu. Kuondoa kasoro iliyoletwa na maradhi au jeraha ni tiba. Kuichubua ngozi nzima ili iwe nyeupe, alisema, ni mlango mwingine.

Daktari hakumficha binti. Ndani ya miezi mitano, alimwambia, tunaweza kuzima chunusi na kufifisha madoa, vishimo vitangoja. Kutibu vishimo huku chunusi bado zinatoka ni kuziba pakacha. Akamwachisha steroidi, akamtahadharisha kwamba wiki za mwanzo hali itakuwa mbaya zaidi, na ikawa. Alimpa vidonge na krimu ya benzoili peroksaidi, ambayo hakuna aliyetuambia kwamba hupausha nguo. Mitandio miwili myeusi ilipata mabaka. Vipo vidonge vikali zaidi vya chunusi, isotretinoini, lakini hudhuru vibaya mtoto tumboni, na mwanamke hatakiwi kushika mimba akiwa anavimeza wala ndani ya mwezi mmodi baada ya kuviacha. Kwa bibi harusi mtarajiwa, walikubaliana kuviacha.

Aliolewa na vishimo vyake vya mashavuni. Mumewe, aliniambia baadaye kwa kicheko, aliviona tangu siku ya posa. Ameshafanyiwa sindano zile ndogo mara mbili, na ya tatu ni mwezi ujao. Safari hii nimeomba kuiona risiti.