Mafuta ya kuchua: majani uyaloweke katika nini?

Ukitaka kutoa mafuta ya kuchua kutoka kwa mchaichai au mkalitusi, jani halikusumbui. Hapa kwetu Kindu, Kongo, majani yapo. Kinachokupasa kufikiria ni kimiminiko cha kulowekea, maana hicho hakitoki chote. Kidogo hubaki, na mgonjwa atapakwa nacho.

Kwa hiyo esansi ya magari na petroli ya taa ziondoe kabisa. Harufu yake ikipotea juani usidhani imekwisha: esansi ina benzini, ambayo huleta saratani, na viungo vingine vizito visivyoruka upesi. Mwaka 2013 watafiti Romano na Hazekamp wa Uholanzi walilinganisha vimiminiko vinavyotumika kutoa mafuta ya bangi. Nafta na etha ya petroli ziliacha mabaki. Wao wakayapendelea mafuta ya zeituni. Bangi kwetu Kongo sheria inaikataza, lakini somo hilo linafaa kwa jani lolote.

Zeituni Kindu ni ghali, nasi tuna mchikichi. Mawese mekundu yanafaa, ila yanatia rangi nguo na harufu yake inaufunika mchaichai. Mimi nachagua mafuta ya mbegu za mchikichi. Asubuhi ya baridi yataganda kidogo. Hayajaharibika, yaweke karibu na moto yatayeyuka.

Kazi kubwa iko kwenye kukausha. Hapa mvua hainyeshi sana Juni hadi Agosti tu, na miezi mingine hewa ni ya unyevu. Anika majani kivulini, juu ya jiko lisilo na moshi ikibidi, mpaka yavunjike ukiyafinya. Jani likiwa na maji, mafuta yataota ukungu. Yakatekate, jaza chupa ya mdomo mpana, mimina mafuta yafunike, kisha isimamishe ndani ya sufuria ya maji ya moto, juu ya kitambaa, kwa saa 2 au 3. Maji yasichemke. Chuja kwa kitambaa safi kilichokauka, weka kwenye chupa ya rangi, andika tarehe.

Wengine watakuambia lotoko, pombe yetu ya kukeneka nyumbani, ni kali zaidi. Kali kinywani, ndiyo, lakini ina maji mengi, na alkoli yenye maji mengi haiyeyushi vizuri mafuta ya jani. Tena lotoko inayotoka mwanzo kwenye bomba huweza kuwa na methanoli, inayopofusha macho. Ukitaka alkoli, nunua ya famasi na usome karatasi ya chupa: «éthanol», kuanzia asilimia 70. Ukiona herufi «m» mbele yake, rudisha. Mvuke wa ethanoli kali huweza kushika moto hata hewa ikiwa na joto la digrii 17, na Kindu hatushuki huko mchana. Basi usiichemshe jikoni kamwe. Iache kwenye chupa iliyofungwa vizuri, mbali na makaa na sigara.

Hata hivyo, mtambo wa lotoko una faida nyingine. Weka mchaichai mbichi na maji matupu ndani ya pipa safi, chemsha, mvuke upite kwenye bomba lililozama majini. Kinachodondoka ni maji yenye harufu, na juu yake huelea mafuta machache: kilo 10 za majani hutoa mililita 30 hadi 50 hivi. Bomba lisiwe la radieta ya gari, kwa sababu ya risasi iliyotumika kuliunganisha. Mafuta hayo yanaunguza; matone 2 tu yatosha kwa kijiko kikubwa cha mafuta ya mbegu, na mtoto mchanga usimpake.

Kwa anayeanza, njia ya mafuta ya mbegu ndiyo bora: haina mlipuko, haina sumu, na vifaa vyake viko nyumbani. Kabla ya kumpaka mtu mwili mzima, jaribu tone moja kwenye mkono, ungoje hadi kesho yake.