Kisiwa cha Cocos: Umbali Haumlindi Mnyama

Hazina ya Lima, Peru, inayosemekana kufichwa Cocos, imezikwa wapi kisiwani? (Barua nyingi, jibu moja.)
Mjerumani August Gissler aliitafuta kuanzia 1889 hadi 1908, akaambulia sarafu chache. Leo kuchimba ni marufuku. Acheni kuuliza.

Kisiwa kiko kilomita 550 kutoka bara la Costa Rica, hakina wakazi. Si kinajilinda chenyewe?
Hakijilindi, na hakuna dhana inayoniudhi kama hii. Umbali haukuwazuia nguruwe: nahodha Mwingereza James Colnett aliwaacha huko mwaka 1793. Paka na panya nao wakaingia kwa meli. Kuna ndege mdogo, ndugu wa wale wa Galápagos, ambaye hazaliani popote ila Cocos. Mayai na makinda yake hayana kinga dhidi ya panya. Nguruwe wakifukua mizizi, udongo hubaki wazi, na kisiwa hupata takriban milimita 7,000 za mvua kwa mwaka. Tope husombwa hadi baharini na kufunika matumbawe. Hivyo nguruwe wa mlimani humdhuru hata samaki.

Cocos ni Hifadhi ya Taifa tangu 1978, na mwaka 2021 eneo lake la bahari lilipanuliwa kupita kilomita za mraba 54,000. Lakini papa wa bahari hiyo hawajui mpaka. Wakitoka nje hukutana na kaputi zenye ndoana nyingi. Bila boti, mafuta na askari wa doria, tangazo la serikali halimwokoi hata mmoja.

Naweza kulala kisiwani?
Hapana. Wageni hulala melini.

Papa mbingusi (wenye kichwa kama nyundo) hula watu?
Mwaka 2017 papa wa aina nyingine alimuua mgeni mmoja huko. Mbingusi ni mwoga. Husogea mwambani ili samaki wadogo wa njano wale vimelea ngozini mwake. Mapovu ya mzamiaji yakizidi, hugeuka na kuondoka.

Unga wa gegedu la papa hutibu saratani? (Barua kadhaa nimeziunganisha.)
Ni uongo. Husemwa kwamba papa haugui saratani. Anaugua, na watafiti wameona uvimbe huo. Unga wenyewe ulijaribiwa kwa wagonjwa, haukuwafaa. Anayekuuzia anakula pesa zako na kukuchelewesha hospitali. Papa naye hulipa kwa uhai wake: mbingusi hukua polepole, na sasa yumo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Sisi wa Pwani haya yanatuhusu nini?
Mbingusi wapo hata kwetu. Ukimwona mchanga sokoni, usimnunue.