ARUSI NDOGO MSITUNI: UCHACHE SI SIRI

Somo letu la mwezi huu lahusu jambo ambalo vijana kadhaa wameanza kuliuliza. Je, yafaa watu wawili waoane milimani, kando ya msitu, mbele ya watu wachache tu, pasipo ukumbi, pasipo kamati na pasipo muziki wa kukodi? Wameona picha za arusi za namna hiyo kutoka nchi za mbali, nao huuliza kwa nini isiwezekane kwetu, penye misitu iliyo mizuri kupita hiyo.

Baadhi ya wazee hujibu upesi kwamba huko ni kutoroshana. Baadhi ya vijana nao hujibu upesi kwamba ni haki yao. Sisi tuliofundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu twajua kwamba jibu la upesi mara nyingi ni jibu la swali jingine. Basi tulichukue jambo hili hatua kwa hatua.

1. Maneno mawili: ndoa na arusi

Kiswahili kimetupa maneno mawili, nasi tumezoea kuyachanganya. Ndoa ni agano baina ya mume na mke. Arusi ni sherehe ya agano hilo. Ndoa yahitaji hiari ya wawili, mwenye mamlaka ya kuifungisha, na mashahidi. Arusi yahitaji chakula, nguo, nyimbo na watu. Ndoa haiwezi kupunguzwa hata kidogo, lakini arusi yaweza kupunguzwa mpaka ibaki mkeka mmoja na sinia moja la pilau.

Tukishika tofauti hii, tutaona pia hasara iliyopo kwetu. Wako vijana wanaokaa pamoja miaka na watoto wakazaliwa, na ukiwauliza kwa nini hawajafunga ndoa watakujibu, "Tunangoja fedha za arusi." Yaani agano limewekwa rehani kwa ajili ya sherehe. Mtu anayewafundisha hao kwamba arusi yaweza kuwa ndogo anawafungulia mlango.

2. Kutoroka kwa zamani

Hofu ya wazee ina sababu, nayo ni ya kale. Zamani Kanisa la Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1604, liliagiza ndoa ifungwe katika kanisa la mtaa anaokaa mmoja wa maarusi, kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana. Shabaha ilikuwa kwamba watu waone. Hata hivyo ndoa za siri ziliendelea, na mwaka 1753 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kali zaidi: ndoa itangazwe kanisani au iwe na leseni, na aliye chini ya miaka 21 anayeoa kwa leseni apate idhini ya mzazi. Sheria hiyo ilianza kutumika mwaka 1754.

Lakini haikuvuka mpaka kuingia Uskoti. Huko wawili waliweza kuoana kwa kutamka tu mbele ya mashahidi. Basi kijiji cha Gretna Green, kilicho karibu kabisa na mpaka, kikapata sifa duniani kote. Vijana wa Kiingereza walikimbilia huko kwa farasi, baba wa binti akiwafuata nyuma. Mwaka 1856 ikaamriwa kwamba mmoja wao lazima awe amekaa Uskoti siku 21 kwanza, na mwaka 1940 ndoa za kutamka tu zikakomeshwa.

Tujifunze nini? Ubaya wa Gretna Green haukuwa udogo wa arusi. Ulikuwa katika kukimbia: waliokuwa na haki ya kusema neno hawakupewa nafasi, na mara nyingine binti tajiri alikuwa amelaghaiwa. Kwa hiyo swali la kumwuliza kijana si "Watu wangapi?" bali "Ni nani unamkimbia?" Kama hamkimbii mtu, basi hajatoroka, hata wageni wake wakiwa kumi tu.

3. Sheria yetu yasemaje

Tanzania yaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Tuyashike mambo manne.

(a) Ndoa ni muungano wa hiari. Mmoja akilazimishwa, hakuna ndoa. Na kuhusu umri, Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kwamba vifungu vilivyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vyapingana na Katiba. Kumpeleka mtoto wa shule msituni si arusi ndogo. Ni kosa kubwa.

(b) Taarifa ya nia ya kuoana hutolewa angalau siku 21 kabla. Kanisani kwetu tangazo husomwa Jumapili tatu, na hesabu hizo mbili huenda pamoja vizuri. Hapa ndipo uchache na siri huachana njia. Wageni waweza kuwa wachache, lakini tangazo ni la wote, ili mwenye kizuizi aseme mapema.

(c) Mashahidi wasipungue wawili, na mfungishaji awe amepewa mamlaka. Ndoa ya kiserikali huenda kwa msajili wa wilaya. Ndoa ya Kikristo kwa kasisi mwenye leseni. Rafiki mwenye sauti nzuri hatoshi.

(d) Kutotimiza desturi ya mahari hakubatilishi ndoa iliyotimiza masharti ya sheria. Hatusemi haya ili vijana wawadharau wazee wao, bali ili mahari iliyobaki deni isiwe kisa cha kuwaweka watu nje ya ndoa.

Na mahali je? Desturi yetu ni kufungia ndoa kanisani. Anayetaka kuifungia kwingine amwulize kasisi mapema sana, maana jambo hilo laweza kuhitaji kauli ya askofu. Njia nyepesi ni hii: ndoa ifungwe asubuhi katika kanisa la kijiji kilicho karibu na msitu, kisha wote waende kwa miguu msituni kwa sala, picha na matembezi. Hapo hakuna shaka juu ya agano, na msitu nao umepata sehemu yake.

4. Msitu ni mwenyeji

Tuchukue mfano wa Amani, katika Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea hapo mwaka 1902, wakapanda bustani kubwa ya miti kutoka pande nyingi za dunia. Mwaka 1997 eneo hilo likawa Hifadhi ya Mazingira Asilia, ambayo leo yasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Lango lake ni Sigi, palipokuwa kituo cha reli ya zamani.

Katika milima hii hukua ua dogo la zambarau ambalo sasa huwekwa madirishani Ulaya na Marekani. Afisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipata mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wake. Bibi arusi atatamani kulichuma. Asilichume. Porini mimea hii hushika miamba yenye kivuli na unyevu, na aina nyingine hupatikana mahali pachache tu. Ua la kushika mkononi lanunuliwa Muheza au Tanga.

Tena asilete mmea mgeni. Mti uitwao Maesopsis eminii ulipandwa na watu katika Usambara Mashariki. Hondohondo wakala matunda yake, wakatawanya mbegu, nao ukaenea ndani ya msitu wa asili ukichukua nafasi ya miti ya mahali hapo. Kwa hiyo mchele wa kurusha, mbegu, na maua ya bustanini yenye mizizi yabaki nyumbani. Mikono ya kupiga makofi yatosha.

Jambo jingine ni maji. Mto Zigi hutoka katika misitu hii, na maji yake hukusanywa katika bwawa la Mabayani kwa matumizi ya jiji la Tanga. Sahani ikioshwa kijitoni kwa sabuni, au mfuko wa plastiki ukiachwa ukingoni, njia ya taka hiyo yateremka kwenye maji ya kunywa ya watu wasiojua hata kwamba kulikuwa na arusi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi lipeni kiingilio cha hifadhi, mchukue kiongozi wa hapo kijijini, chakula kipikwe na akina mama wa hapo, na wageni walale katika nyumba za wageni za hapo. Msitu ambao majirani zake wanapata riziki kwa kusimama kwake huwa na walinzi wengi.

5. Azimio la kazi

Mwalimu haingii darasani bila andalio la somo, na arusi ndogo huhitaji mpango kuliko kubwa, kwa kuwa hakuna kamati ya kuziba mapengo. Twashauri hivi.

Miezi sita kabla: wawili wazungumze na wazazi wa pande zote, kisha na kasisi.

Miezi minne kabla: ombeni ruhusa ya mhifadhi kwa maandishi, mkitaja idadi ya watu na shughuli. Mtembelee mahali penyewe saa ileile mtakayofanyia, mwone mwanga. Chini ya miti mirefu jua huingia kidogo, na ukungu waweza kufunika mlima asubuhi nzima.

Miezi miwili kabla: amueni orodha. Mfano wetu ni huu: maarusi 2, wazazi 4, wasimamizi 2, bibi au babu 2, mshenga 1 na kasisi 1. Jumla ni watu 12, nao hubebwa na gari moja la abiria.

Majuma sita kabla: taarifa itolewe na matangazo yaanze.

Juma moja kabla: ulizeni hali ya barabara. Masika huko ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari huwa na nafuu, ila Amani hupata mvua karibu miezi yote, hivyo miavuli ni lazima, na pawepo ukumbi mdogo au baraza ya kukimbilia.

Siku yenyewe: saa tatu ndoa kanisani, saa tano matembezi, saa saba chakula, saa tisa kuteremka, ili giza lisiwakute kwenye kona za mlima. Urefu wa njia upimwe kwa miguu ya bibi mzaa baba, si kwa miguu ya bibi arusi. Gauni lisiburute, viatu viwe vya kufunga, na kabla ya kutandika mkeka mtazame siafu. Moto usiwashwe msituni, wala vipaza sauti visiletwe.

6. Wasioalikwa

Hapa ndipo penye ugumu. Kwetu michango ni kama akiba. Baba aliyechangia arusi za watoto wa wenzake kwa miaka ishirini alikuwa akiweka neno moyoni: yangu nayo itafika. Mwanawe akisema "watu kumi na wawili tu", mzee haoni msitu wala ukungu. Aona akiba yake imepotea, na aona aibu mbele ya wenziwe. Kijana asiyejua hili atadhani mzee ni mkaidi.

Dawa yake ni mambo matatu. Kwanza, wasioalikwa waambiwe kabla, na mtu aliyekwenda mpaka nyumbani kwao, shangazi na mjomba wakitangulia. Kujua habari kwa picha za simu ni tusi. Pili, baada ya juma moja au mawili maarusi wawazungukie wazee, wapokewe, wakae, wale kilichopo. Ziara hizo hugharimu nauli na siku kadhaa, lakini mzee aliyetembelewa nyumbani kwake hasemi kwamba alisahauliwa. Tatu, anayetaka kutoa mkono wa heri asizuiwe. Aelekezwe kwenye mabati, mbuzi au godoro la wanaoanza maisha. Na maarusi wenyewe wasiache kuchangia arusi za wengine, wasije wakasemwa kwamba walipunguza yao ili wakwepe za wenzao.

Na mzazi akikataa kabisa? Asikimbiwe. Apewe muda, atumwe mshenga tena, na ikibidi idadi iongezwe. Msitu hautahama mwaka huu wala mwaka ujao.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja tofauti tatu kati ya ndoa na arusi. Katika mtaa wako, ni ipi inayochukua fedha na muda zaidi?
2. Kwa nini sheria hudai taarifa ya siku 21 hata kwa ndoa ya watu wachache?
3. Fikiria msitu au kilima kilicho karibu nawe. Maji yake huenda kunywewa na nani?
4. Mzazi aliyechangia wengi anyamazishwe kwa hoja, au atulizwe kwa namna gani?
5. Zoezi: andika orodha ya watu 12 ambao ungewaita wewe. Kisha andika jina la wa 13, na maneno utakayomwambia ukifika mlangoni kwake.