Kwilti Ndogo: Jifunze kwa Mabaki Kabla ya Kukata Leso ya Mama

Katika nyumba nyingi za Kaunti ya Machakos kuna sanduku au mfuko uliowekwa juu ya kabati na kusahaulika. Ndani yake mna leso ya mama aliyefariki, kitenge cha sare kilichovaliwa siku ya ntheo, au shati la kwanza la shule la mtoto ambaye sasa ni mtu mzima. Nguo hizo hazivaliwi tena, lakini hakuna mwenye moyo wa kuzitupa. Miaka inapita, na mwisho panya ndio wanaozifaidi.

Njia moja ya kuzihifadhi ni kuzishona ziwe kwilti. Kwilti ni shuka la tabaka tatu: juu ni viraka vilivyounganishwa kwa mpango, katikati ni kitu cha kulipa unene, na nyuma ni kitambaa kizima. Mishono hupitishwa katika tabaka zote ili zishikane.

Ukiamua kuanza, usianze na leso ya mama. Kitambaa kikishakatwa hakirudi. Anza na kwilti ndogo ya mabaki, yenye ukubwa wa inchi 12 hivi (sentimita 30) kila upande. Ikiharibika hujapoteza kitu, na ikifaulu una kitambaa cha kupamba meza au ukuta. Muhimu zaidi, mkono wako utakuwa umejifunza kazi kabla ya kugusa nguo isiyonunulika tena.

Wengine walifanya nini

Katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama nchini Marekani, wanawake ambao wazee wao walikuwa watumwa mashambani walishona kwilti kwa nguo kuukuu za kazi ili familia zao zipate joto. Mwaka wa 1942, mmoja wao, Missouri Pettway, alishona kwilti kwa nguo za kazi za mumewe aliyekuwa amefariki, ili awe akijifunika kumbukumbu yake. Kwilti za kijiji hicho zilianza kuonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa mwaka wa 2002, na mwaka wa 2006 picha zake zilichapishwa kwenye stempu za posta za Marekani. Zilianza kama mabaki na nguo zilizochakaa.

Hapa kwetu hesabu ya kazi hii si ngeni. Anayesuka kiondo anajua kwamba akikosea kuhesabu nyuzi katika mzunguko mmoja, ua litapinda katika mizunguko yote inayofuata. Kwilti ina tabia hiyo hiyo.

Mabaki utayapata wapi

Mzungukie fundi wa nguo aliye karibu nawe, iwe ni Tala, Kangundo, Matuu, Mwala au mjini Machakos. Kila jioni chini ya cherehani yake kuna vipande vya kufagiwa. Mwombe akuwekee. Mashati ya mitumba yaliyochanika kola pia yanafaa, kwa sababu mgongo wa shati huwa bado mzima.

Chagua vitambaa vya pamba vyenye unene unaolingana. Vitenge vingine vimechanganywa na poliesta, na hivyo huteleza na kuyeyuka chini ya pasi ya moto. Ili kujua, chukua uzi mmoja, uushike kwa koleo juu ya beseni la maji, kisha uuwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Jaribio hili lifanywe na mtu mzima.

Fua kila kipande kabla ya kukikata. Leso na kitenge kipya huwa na wanga, hutoa rangi na hurudi kidogo. Ukishona kabla ya kufua, kwilti itajikunja siku utakayoifua.

Vifaa

- Vipande 36 vya mraba: 18 vya rangi nzito na 18 vya rangi nyepesi
- Kitambaa kizima cha nyuma, inchi 15 kwa 15 (sentimita 38)
- Blanketi kuukuu jembamba au flana ya katikati, kipimo hicho hicho
- Vipande vinne vya ukingo, kila kimoja upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 14
- Makasi makali, tepu ya fundi, chaki, pini, sindano, uzi wa pamba na pasi

Cherehani hurahisisha kazi, lakini si lazima. Kwilti hii inaweza kushonwa yote kwa mkono.

Hatua kwa hatua

1. *Tengeneza kipimo.* Kata mraba wa kadibodi wa inchi 2.5 kila upande. Uweke juu ya kitambaa, chora kwa chaki, kisha kata. Tumia kadibodi hiyo hiyo kwa vipande vyote 36. Usitumie kipande cha kitambaa kupimia kingine, kwa maana kosa litakua kila unapokata.

2. *Jaribu mshono wako.* Nafasi kati ya mshono na ukingo wa kitambaa iwe robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Anayetumia cherehani abandike selotepu kwenye bati lake, robo inchi kutoka kwenye sindano, na kuufuata mstari huo. Anayeshona kwa mkono achore mstari kwa chaki. Shona vipande vitatu vya majaribio, vipige pasi, kisha pima kile cha katikati. Kikiwa na inchi 2 kamili, endelea. Kikipungua au kuzidi, rekebisha kabla ya kushona kingine.

3. *Panga mezani.* Panga mistari sita ya vipande sita, nzito ikifuatwa na nyepesi, kama ubao wa drafti. Mstari wa pili uanze na rangi nyepesi, wa tatu nzito, hivyo hivyo hadi mwisho. Simama mbali kidogo utazame. Kubadilisha kipande sasa ni kazi ya sekunde moja, lakini baada ya kushona utalazimika kufumua.

4. *Shona mistari.* Weka vipande viwili uso kwa uso, shona, ongeza cha tatu, hadi mstari utimie. Piga pasi kila mshono ukiulaza upande wa rangi nzito. Kwa njia hiyo mishono ya mistari inayopakana italala pande tofauti, na pembe zitakutana vizuri.

5. *Unganisha mistari.* Anza kuweka pini kwenye pembe zinazokutana, ndipo uweke kwingine. Ukimaliza, uso wa kwilti uwe na inchi 12.5 kila upande.

6. *Weka tabaka.* Tandaza kitambaa cha nyuma, uso wake ukitazama chini. Weka blanketi juu yake, kisha uso wa viraka ukitazama juu. Nyoosha kwa kiganja. Piga bandi kwa mishono mirefu kuanzia katikati kuelekea pembeni, kama miale ya jua.

7. *Shona tabaka pamoja.* Anza katikati uelekee nje, ukifuata kando ya kila mshono wa viraka. Ukianzia pembeni, kitambaa kitasukumwa na kujikunja katikati. Ukimaliza, toa bandi na ukate mabaki ya pembeni ili tabaka zote zilingane.

8. *Tia ukingo.* Kunja kila kipande cha ukingo mara mbili kwa urefu na ukipige pasi. Shona viwili kwenye pande mbili zinazotazamana, kingo zilizo wazi zikilingana na ukingo wa kwilti. Vigeuze nyuma, umalizie kwa mkono, na ukate ncha zilizozidi. Kisha shona viwili vilivyobaki, ukikunja ncha zao ndani ili nyuzi zisichomoze.

Kosa dogo linavyokua

Wanaoanza wengi hulalamika kwamba mistari haikutani, na hudhani wamekata vibaya. Mara nyingi tatizo ni nafasi ya mshono. Tuseme umeshona milimita 9 badala ya 6. Kosa ni milimita 3 tu, lakini kila mshono hula vitambaa viwili, kwa hiyo umepoteza milimita 6. Mstari wa vipande sita una mishono mitano. Umepoteza milimita 30, yaani sentimita 3 nzima. Mstari unaofuata, ulioshonwa sawasawa, hauwezi kukutana nao hata ukiuvuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fumua mapema, ukiwa bado kwenye mshono wa kwanza.

Ukifikia nguo ya kumbukumbu

Baada ya kushona kwilti mbili au tatu za mabaki, unaweza kufungua lile sanduku. Kwanza zungumza na ndugu zako, kwa maana leso ya mama ni ya watoto wote. Piga picha nguo ikiwa nzima. Kata kwenye sehemu iliyo imara, na kama ni leso, amueni pamoja kama maandishi yake yataachwa bila kuguswa. Kitambaa kilichochakaa sana kishonewe kwanza kitambaa chepesi kwa nyuma ili kipate nguvu. Uzuri wa kwilti ndogo ni kwamba haihitaji kitambaa kingi. Leso moja inaweza kutoa viraka vya kutosha ili kila mtoto apate kwilti yake.

Kujifunza zaidi, na kuuza

Chini ya Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti. Ulizia katika chuo kilicho karibu nawe, au katika ofisi ya wadi yako, kama kuna darasa la ushonaji. Vikundi vya akina mama pia vinaweza kukutana na kushona pamoja, kila mmoja akija na mabaki yake.

Ukipata mteja, kabla ya kutaja bei andika gharama ya uzi, kitambaa cha nyuma na ukingo, pamoja na saa ulizotumia. Kwilti ya kwanza huchukua muda mrefu, na mtu asiyehesabu saa zake huuza kwa hasara bila kujua.

Fua kwilti kwa mkono kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, usiikamue kwa nguvu, na uianike kivulini ili jua lisififishe rangi. Ikitunzwa hivyo, itawafikia wajukuu.