Homa ya Ini B: Usingoje Macho Yawe Manjano

Ndugu wasomaji mlioko Muscat, ini huugua kimya kimya. Kirusi cha homa ya ini B huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, hadi ini lisinyae au lipate saratani.

Oman ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1990. Tanzania ilianza 2002. Hivyo mwanao aliyezaliwa hapa huenda ana kinga, na wewe uliyezaliwa Unguja au Pemba kabla ya hapo huna.

Mwombe daktari akupime damu kutafuta kirusi chenyewe. Kipimo cha kazi ya ini peke yake hakitoshi. Ukikutwa nacho, dawa za kukidhibiti zipo, na mwenzio wa ndoa naye apimwe. Usipokuwa nacho wala kinga, omba chanjo. Kula sahani moja hakuambukizi.